Jack Lynch: Nahodha aliyelowa Croke Park kabla ya kuongoza nchi

Ni Jumapili, Septemba 3, 1939. Asubuhi, Waziri Mkuu wa Uingereza Neville Chamberlain ameingia redioni kutangaza kwamba nchi yake iko vitani na Ujerumani. Alasiri ya siku hiyo hiyo, ng'ambo ya bahari kule Dublin, Ireland, karibu watu 40,000 wamejaa Croke Park. Kila mtu ana habari ya vita kichwani, lakini miguu imewaleta uwanjani. Ni fainali. Kilkenny dhidi ya Cork.

Kipindi cha pili, mbingu zinafunguka. Hii si rasharasha ya kukufanya uinue kola ya koti. Ni mvua ya kumwaga, radi zinapasua anga na ngurumo zinatikisa majukwaa. Nyasi zinateleza, jezi zinang'ang'ania mwili, na aliyekaa mbali haoni tena nani ni nani. Mechi haisimamishwi. Hadi leo Waairishi wanaiita fainali ya ngurumo na radi, na ukitaja jina hilo huna haja ya kutaja mwaka.

Nahodha wa Cork ni kijana wa miaka 22, karani wa mahakama, mtoto wa fundi wa kushona nguo. Anaitwa Jack Lynch. Dakika za mwisho timu yake inasawazisha. Halafu, mechi ikiwa inaelekea kuisha, Jimmy Kelly wa Kilkenny anapachika pointi moja. Basi. Cork wamelala kwa pointi moja, ndani ya mvua, na nahodha anatoka uwanjani mikono mitupu.

Miaka 27 baadaye kijana huyo huyo ndiye waziri mkuu wa Ireland. Stori ya jinsi alivyofika huko, na alivyofanya dhoruba kubwa kuliko ile ilipomkuta ofisini, ndiyo nataka tuipige leo.

Mbona Mwairishi, na sisi tuko Kiganjo?

Swali la haki. Nasema Kiganjo ya Thika, si ile ya Nyeri wanakofunzwa polisi. Huku kwetu mvua za Aprili zikishika, uwanja wa mtaa unageuka shamba la mpunga. Mpira unapigwa, unafika kwenye dimbwi, unasimama tuli kama umechoka. Kipa hajui kama adake au aogelee. Na bado vijana wanacheza, kwa sababu dau lilishawekwa na timu ya mtaa wa pili ilishafika na boda.

Sasa hebu fikiria nchi nzima iliyo hivyo karibu mwaka mzima. Ireland ni kisiwa kilichokaa mbele ya bahari ya Atlantiki, na upepo wa huko hauna adabu. Mchezo wao wa kitaifa ulizaliwa ndani ya upepo huo. Kandanda ya Gaelic huchezwa na watu 15 kila upande, kwenye uwanja mrefu kuliko wetu wa soka, hadi mita 145. Mpira ni wa duara. Unaruhusiwa kuudaka, kuupiga teke, au kumpasia mwenzako kwa kuugonga na ngumi au kiganja. Ukiushika huwezi kukimbia nao zaidi ya hatua nne kabla ya kuudundisha chini au kuugusa kwa ncha ya mguu urudi mkononi. Milingoti ina umbo la H kama ya raga, ila chini kuna wavu. Enzi za Lynch, ukiupitisha juu ya mtambo ilikuwa pointi moja. Ukiutia wavuni ni goli, na goli lina thamani ya pointi tatu.

Kwenye dhoruba, mchezo huo hubadilika kabisa. Zamani mpira ulikuwa wa ngozi tupu, ukilowa unakuwa mzito kama jiwe. Kuudaka juu ya kichwa, ambayo ndiyo raha yenyewe ya mchezo, kunakuwa bahati nasibu. Nahodha akishinda kura ya sarafu, jambo la kwanza analoangalia ni upepo unakoelekea. Anayecheza akisukumwa na upepo lazima afunge mapema, maana kipindi cha pili upepo huo huo utamrudia usoni.

Mchezo dada unaitwa hurling. Uwanja ni ule ule, milingoti ni ile ile, hesabu ya mabao wakati huo ilikuwa ile ile, lakini hapa unatumia fimbo ya mti na kimpira kidogo kigumu. Chama kinachosimamia michezo yote miwili, GAA, kilianzishwa Novemba 1, 1884 katika mji wa Thurles. Na hapa ndipo utashangaa: hakuna anayelipwa mshahara kwa kucheza. Ukivaa jezi ya kaunti yako Jumapili, Jumatatu unarudi kazini kama kawaida.

Wengi hucheza mmoja kati ya hiyo miwili. Jack Lynch alicheza yote miwili, na katika kiwango cha juu kabisa. Fainali ya radi ilikuwa ya hurling. Ya kandanda ilikuwa inakuja.

Mtoto wa Shandon

John Mary Lynch, ambaye kila mtu alimuita Jack, alizaliwa Agosti 15, 1917 mtaani Shandon, jijini Cork, kusini mwa Ireland. Shandon ni mtaa wa watu wa kawaida uliopanda mlima, maarufu kwa kanisa lake lenye kengele zinazosikika jiji zima. Baba yake, Dan, alikuwa fundi cherehani. Mama yake, Norah, naye alijua sindano. Nyumba ilikuwa na watoto saba, na Jack ndiye aliyekuwa mdogo zaidi kati ya wavulana watano.

Alizaliwa nchi ikiwa inatokota. Ireland nzima ilikuwa chini ya Uingereza wakati huo. Alipokuwa na miaka mitatu, mwezi Novemba 1920, askari wa Waingereza waliingia Croke Park katikati ya mechi ya kandanda ya Gaelic na kufyatua risasi. Watu 14 walikufa, mmoja wao akiwa mchezaji, Michael Hogan wa Tipperary. Jukwaa kubwa la uwanja huo lina jina lake mpaka leo. Mwezi uliofuata askari walichoma moto katikati ya jiji la Cork. Kijana wa Kiambu aliyesimuliwa na nyanya yake habari za Hali ya Hatari ya miaka ya hamsini hatahitaji kuelezwa maana ya hayo.

Mwaka wa 1922 Ireland ilipata kujitawala, lakini si yote. Kati ya kaunti 32, sita za kaskazini zilibaki na Uingereza. Shika hiyo hesabu, tutairudia.

Jack alisoma North Monastery, shule ya mabruda ambako hurling ilikuwa karibu kama somo la darasani. Mwaka wa 1932, akiwa na miaka 15, mama yake akafa ghafla. Kijana aliyekuwa karibu sana na mama alivunjika. Jamaa wa ukoo wakasaidia kuwalea, naye akazidi kujitupa uwanjani. Klabu yake ya hurling ilikuwa Glen Rovers, ya mtaa wa jirani wa Blackpool, na ndugu yake Glen Rovers kwa upande wa kandanda alikuwa St Nicholas. Glen Rovers walibeba ubingwa wa Cork miaka minane mfululizo, 1934 hadi 1941. Jack alikulia ndani ya timu iliyozoea kushinda.

Ndiyo maana Septemba 1939 iliuma.

Pointi moja

Hebu tuangalie matokeo tena. Kilkenny 2-7, Cork 3-3. Kilkenny walipata magoli mawili na pointi saba, jumla 13. Cork walipata magoli matatu na pointi tatu, jumla 12. Yaani Cork ndio walioingiza magoli mengi zaidi, lakini Kilkenny ndio waliorudi nyumbani na kombe. Kwenye mvua, zile pointi ndogo ndogo za juu ya mtambo ndizo zilizoamua.

Nahodha wa timu iliyoshindwa hivyo ana visingizio vya kujaza gunia. Mvua. Upepo. Mwanga. Refa. Vita yenyewe. Lakini Lynch hakujulikana kama mtu wa visingizio, si wakati ule wala baadaye. Mwaka uliofuata, 1940, bado nahodha, Cork wakatolewa na Limerick. Miaka miwili mfululizo akiwa kiongozi, hana ubingwa wa Ireland wa kuonyesha.

Dunia nayo ilikuwa imeingia gizani. Kenya, kama koloni, iliburutwa vitani siku ile ile ya radi, na vijana wa KAR wakaishia Uhabeshi na Burma kupigania mfalme ambaye hawajawahi kumuona. Ireland ilikataa kuingia vitani. Hata hivyo mafuta yalikuwa adimu, magari yakasimama, treni zikapungua. Mashabiki walipanda baiskeli. Mwaka wa 1944, Cork na Limerick walipokutana Thurles, barabara zilifurika baiskeli kiasi kwamba mechi hizo bado zinakumbukwa kwa sababu hiyo.

Na ni katika miaka hiyo ya shida ndipo Cork walipofunguka. Ubingwa wa Ireland wa hurling 1941. Wakarudia 1942. Wakarudia 1943. Wakarudia 1944, wakawa timu ya kwanza kuchukua mara nne mfululizo. Lynch alikuwa katikati ya uwanja, mrefu, mwenye mabega, akicheza pamoja na Christy Ring, ambaye wengi wanamhesabu kama mchezaji bora wa hurling kuwahi kutokea.

Foleni ya basi

Mwaka wa 1945 hurling ya Cork ikayumba, lakini timu ya kandanda ya Cork ikafika fainali dhidi ya Cavan, Septemba 23. Lynch alikuwa akifanya kazi Dublin katika wizara ya sheria, huku akisomea uwakili. Siku ya fainali akatoka alikokuwa akiishi kusini mwa jiji kwenda kupanda basi kama raia mwingine yeyote. Foleni ilikuwa ndefu, mabasi yamejaa watu wanaoelekea Croke Park. Kila basi lililokuja lilichukua wachache na kuondoka.

Msee, fikiria uko kituoni Thika, unaona mathree zinajaa moja baada ya nyingine, na wewe ndiye unayetakiwa uwanjani. Ikabidi apite mbele ya foleni na kumweleza kondakta kwamba ana mechi ya kucheza. Waliokuwa kwenye foleni, nao wakienda kuitazama hiyo hiyo mechi, hawakufurahi hata kidogo. Alifika Croke Park wenzake wameshavaa.

Cork walishinda, 2-5 kwa 0-7. Lynch akapata medali ya kandanda ya Gaelic kuweka juu ya zile nne za hurling. Mwaka uliofuata, 1946, akarudi kwenye hurling, Cork wakawachapa Kilkenny wale wale wa ile fainali ya radi, na hiyo ikawa medali ya sita. Miaka sita mfululizo, michezo miwili tofauti. Alikuwa mtu wa kwanza kufanya hivyo.

Mwaka wa 1945 una jambo lingine ambalo mimi, niliyetoka chuoni bila kumaliza, nalipenda kuliko medali. Ndio mwaka Lynch alipokubaliwa rasmi kuwa wakili. Alikuwa na miaka 28. Alimaliza shule 1936 akaingia kazi ya serikali kama karani, akaanza sheria Cork, akaendelea Dublin, akisoma kando ya kazi na kando ya mazoezi. Ilimchukua karibu miaka kumi. Leo tungemwambia amechelewa. Wenzake wa darasa labda walikuwa wameshapanga ofisi. Yeye alifika kwa miguu yake, akiwa ametoka kazini na uwanjani, na akafika.

Agosti 1946 alimuoa Máirín O'Connor. Hawakujaliwa watoto. Walikaa pamoja hadi kifo.

Siasa inapiga hodi

Nyota wa michezo huwa hakosi mgeni wa siasa mlangoni. Hata hapa Kenya tunawajua: ukishinda medali, vyama vinakumbuka namba yako ya simu. Chama cha Fianna Fáil kilimfuata Lynch mwaka wa 1946 agombee kiti katika uchaguzi mdogo Cork. Akakataa. Mwaka wa 1948 wakamrudia, akakubali, akashinda. Watu wa Cork hawakuhitaji kusoma sera zake, walikuwa wameshamwona akidaka mpira.

Tofauti ni kwamba hakuishia kuwa picha ya bango. Mwaka wa 1957 akawa waziri wa elimu. Wakati huo mwalimu wa kike wa shule ya msingi Ireland akiolewa alilazimika kuacha kazi. Ndiyo, umesoma vizuri, kuolewa lilikuwa kosa la kufutwa nalo. Chini ya Lynch, mwaka wa 1958, sheria hiyo iliondolewa kwa walimu hao. Baadaye akashika viwanda na biashara, kisha fedha.

Mwezi Novemba 1966 waziri mkuu Seán Lemass aling'atuka. Mibabe ya chama ilikuwa inanoa visu, kila mmoja akimtazama mwenzake kwa kona ya jicho. Lynch hakuwa na haraka ya kiti hicho. Pengine ndiyo sababu kilimjia. Wabunge wa chama walipiga kura, akapata 52 dhidi ya 19 za George Colley. Mtoto wa fundi cherehani wa Shandon, mtulivu, kiko mdomoni, akawa kiongozi wa nchi. Wengi waliona ni mtu wa kushikilia kiti kwa muda tu hadi wakubwa wakubaliane.

Dhoruba yenyewe

Sasa turudi kwenye zile kaunti sita. Ireland Kaskazini ilitawaliwa na Waprotestanti waliotaka kubaki na Uingereza. Wakatoliki, waliokuwa wachache, walibaguliwa katika nyumba, kazi na kura. Mwishoni mwa miaka ya sitini wakaanza kuandamana kudai haki. Agosti 1969 mji wa Derry ukalipuka, vijana na polisi wakapambana siku tatu. Belfast, nyumba zikachomwa moto barabara baada ya barabara, na maelfu ya familia zikakimbia na walichoweza kubeba. Wengi walivuka mpaka kuja kusini.

Mkenya yeyote aliyekuwa na akili timamu mapema 2008 anaijua harufu hiyo. Jirani wa jana, moto wa leo. Sisi tulizika zaidi ya watu 1,100 kwa wiki chache. Wao walianza safari ya miaka 30 iliyoua zaidi ya 3,500.

Macho yote yakamgeukia Lynch. Kusini nzima ilikuwa inachemka. Ndani ya baraza lake kulikuwa na mawaziri waliotaka jeshi livuke mpaka. Agosti 13 akaenda kwenye televisheni, akalaani kilichokuwa kikitendeka, akasema serikali yake haiwezi kukaa tu ikiangalia watu wakiumizwa, na akatangaza kwamba jeshi litaweka hospitali za muda karibu na mpaka. Akaomba Umoja wa Mataifa ulete walinda amani. Lakini jeshi halikuvuka.

Hapo ndipo watu wanagawanyika kumhusu, na siwezi kuwaficha. Kuna Wakatoliki wa kaskazini ambao hadi wanaingia kaburini waliona aliwapa matumaini kwenye televisheni halafu akawaacha na moto. Wengine wanahesabu jeshi dogo la Ireland, wanalipima na lile la Uingereza, wanakumbuka Wakatoliki waliokuwa wamezungukwa Belfast, na kusema kuvuka mpaka kungegeuza mamia ya maiti kuwa maelfu. Mimi niko upande wa pili, lakini ni rahisi kuwa upande huo ukiwa umekaa Thika na nyumba yako haijachomwa.

Kilichofuata kilikuwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Ilibainika kuwa kulikuwa na mpango wa kuingiza silaha kisiri kwa ajili ya watu wa kaskazini, na mawaziri wake walitajwa. Mei 6, 1970, Lynch akawafuta kazi Charles Haughey, waziri wa fedha, na Neil Blaney, waziri wa kilimo. Hawa hawakuwa watu wadogo. Walikuwa miamba ya chama, wenye wafuasi na pesa. Mwingine, Kevin Boland, akajiuzulu kuwaunga mkono. Haughey alishtakiwa na mahakama ikamwachilia Oktoba mwaka huo huo. Kila mtu akatazamia Lynch aanguke. Hakuanguka. Yule mtu wa kushikilia kiti kwa muda alikuwa amekaa.

Halafu ikaja Januari 30, 1972. Derry tena. Wanajeshi wa Uingereza wakawapiga risasi waandamanaji, 13 wakafa siku hiyo na mwingine baadaye. Jumapili ya Damu ya pili, miaka 51 baada ya ile ya Croke Park. Lynch akamwita nyumbani balozi wake kutoka London na kutangaza siku ya maombolezo, Februari 2. Siku hiyo umati ukaichoma moto balozi ya Uingereza jijini Dublin. Nchi ilikuwa kiberiti kimoja kutoka vitani. Lynch alikuwa na hasira kama wao, na hakuwasha kiberiti hicho.

Nimemsoma huyu mzee nikajiuliza alijifunza wapi. Jibu langu, na ni langu tu, ni kwamba mchezaji wa hurling hupigwa fimbo za mikono na miguu kila Jumapili. Akirudisha kila fimbo, anafukuzwa uwanjani na timu inabaki na watu 14. Lynch alikuwa amecheza fainali moja chini ya radi bila kupoteza kichwa, akaipoteza kwa pointi moja, akarudi. Huyo si mtu wa kutishwa na kelele za jukwaani.

Kura ya miaka 18

Kuna zawadi nyingine aliyowaachia vijana. Mei 10, 1972 Waairishi walipiga kura kuamua kama waingie jumuiya ya kiuchumi ya Ulaya. Asilimia 83 walisema ndiyo, na Januari 1, 1973 wakaingia. Nchi iliyokuwa ikitegemea Uingereza kwa kila kitu ikapata soko jipya. Desemba 1972 wakapiga kura nyingine, ya kushusha umri wa kupiga kura kutoka miaka 21 hadi 18. Ikapita. Kijana wa miaka 18 akawa na sauti.

Mwaka wa 1973 Lynch akashindwa uchaguzi. Akakabidhi ofisi, akaenda upinzani, akakaa miaka minne. Mwaka wa 1977 akarudi na ushindi mkubwa, viti 84 kati ya 148.

Na hapa lazima tuseme ukweli mwingine. Ushindi huo ulinunuliwa kwa ahadi tamu: kuondoa kodi ya nyumba na ushuru wa magari. Wapiga kura walishangilia. Serikali ikatimiza, ikakopa, na deni likapanda. Waairishi walilipia ahadi hizo miaka ya themanini, wakati vijana wao walipanda ndege na meli kwenda kutafuta kazi nchi za watu. Kwa hivyo ukisikia mwanasiasa, hata mtulivu mwenye medali sita, anakuahidi vitu vya bure, uliza nani atalipa. Mara nyingi ni wewe, baada ya miaka kumi.

Machi 1979 Christy Ring alikufa ghafla akiwa na miaka 58. Waziri mkuu alisafiri Cork na kusimama kaburini kumuaga mwenzake wa uwanjani. Desemba mwaka huo huo akajiuzulu. Aliyemrithi alikuwa Charles Haughey, yule yule aliyemfuta kazi 1970. Siasa ni hivyo.

Alichoacha

Lynch alirudi kwenye maisha ya kimya. Mwaka wa 1984, chama cha GAA kilipotimiza miaka 100, kulichaguliwa kikosi bora cha hurling cha karne, na Lynch akawekwa katikati ya uwanja, pale pale alipochezea. Alifariki Dublin Oktoba 20, 1999, akiwa na miaka 82. Walimrudisha Cork, watu wakajipanga barabarani kuliona jeneza likipita, akazikwa katika makaburi ya St Finbarr. Handaki linalopita chini ya mto Lee, lililofunguliwa mwaka huo huo, lina jina lake. Magari yanapita humo kila siku, na nina hakika madereva wengi hawamfikirii.

Cork hiyo hiyo ndiyo iliyotuletea Bruda Colm O'Connell, aliyekuja kufunza shule ya St Patrick's Iten mwaka wa 1976 na kuishia kuwa kocha wa David Rudisha. Kwa hivyo kaunti hiyo haiko mbali na sisi kama ramani inavyosema.

Sasa, vijana wa Kiganjo na kwingineko. Jambo la kwanza ni la usalama. Radi si ya kuchezea. Siku hizi ngurumo zikianza refa mwenye akili husimamisha mechi, na nyinyi mkiona radi tokeni uwanjani, msijikinge chini ya mti. Ile fainali ya 1939 ilikuwa bahati, isiwe mfano.

La pili ndilo nililotaka kusema tangu mwanzo. Tunapenda kuhesabu maisha kwa mechi moja. Umefeli mtihani, umekosa kazi, biashara imekufa, timu imepoteza kwa bao la mwisho, basi tunasema hadithi imeisha. Jack Lynch alipoteza fainali kubwa zaidi ya ujana wake kwa pointi moja, mbele ya watu 40,000, siku ambayo dunia iliingia vitani. Kama angeacha hapo hakuna ambaye angemlaumu. Medali zote sita zilikuwa bado mbele yake. Uwakili ulikuwa mbele yake. Derry na Belfast zilikuwa mbele yake, na nchi iliyohitaji mtu asiyekurupuka.

Mwezi Aprili mvua zitarudi Thika na uwanja utajaa maji tena. Mkipoteza kwa bao moja, msipigane na refa. Fueni jezi, muulize mechi ijayo ni lini.